"Sitaki ng'ombe kwa ajili ya binti yangu." Je, nimekosea?

"Habari mshauri. Mimi ni baba wa watoto wanne, naishi Buhongwa, hapa Mwanza, kwetu ni Magu. Binti yangu wa kwanza ana miaka 26, ni muuguzi, na amepata mchumba, kijana mzuri wa Sengerema. Washenga wameshaleta barua na kikao cha mahari ni mwisho wa mwezi ujao. Tatizo ni kwamba mimi siamini katika mahari. Siamini hata kidogo. Dada yangu aliolewa mwaka 1994 kwa ng'ombe 15. Miaka miwili baadaye nikaoa mimi kwa ng'ombe 12, na tisa kati yao walikuwa wale wa dada. Mume wake alikuwa anampiga. Alirudi nyumbani mara tatu, na mara zote marehemu baba alimrudisha, kwa sababu ng'ombe wa kurejesha hatukuwa nao. Walishakwenda kwa wakwe zangu. Mara ya tatu alikuja amevunjika mkono. Nilikuwepo, nikanyamaza. Siku ile niliapa mtoto wangu hataolewa kwa mnyama. Wiki iliyopita nimeandika kwenye kundi la Wasapu la ukoo kwamba sitapokea hata mbuzi. Kaka yangu mkubwa, anayekaa kwenye boma la baba na ana vijana wawili hawajaoa, amesema nimewadharau wazee, hatakanyaga harusini wala hatambariki mtoto. Akamalizia: mwacha mila ni mtumwa. Mama analia. Mke wangu anasema nikubali yaishe. Hata upande wa kijana wameanza kuuliza kama binti ana kasoro. Sipati usingizi. Nisimamie ninachoamini, au nikubali mila kwa ajili ya amani?"

Ndugu yangu, binti yako umempa sentensi moja: umri, kazi, mchumba. Dada yako ndiye aliyejaa kwenye barua hii. Sikulaumu, ila naomba tuanzie hapo, kwa sababu ukiingia kwenye kikao kile ukidhani unapigania harusi ya mwaka huu, kumbe unapigana na siku ile ya mkono uliovunjika, utawapiga watu ambao hawakuwepo. Kijana wa Sengerema hakuwepo. Wazazi wake hawakuwepo.

Umeuliza kama uchague imani au amani. Mimi nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miaka mingi kwenye wilaya hizi, nimekaa kwenye vikao vya mahari nisivyoweza kuvihesabu, vingine vya ndugu zangu mwenyewe, na sioni kama hilo ndilo swali lako. Swali ni nani atalipa gharama ya imani yako. Kwa jinsi ulivyoliweka jambo hadi sasa, anayelipa si wewe.

Nieleze kwa nini nasema hivyo, na itabidi nianze na neno lenyewe maana linatuchanganya sote. Mahari ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na kwenye Uislamu maana yake imenyooka: ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Si ya baba wala ya mjomba. Kisukuma kina neno lake, bukwi, na hicho ni kitu kingine. Bukwi inatoka ukoo mmoja kwenda ukoo mwingine, na bibi harusi hashiki hata kamba ya ndama. Kiswahili kimeviita vyote viwili mahari. Ndiyo maana kwenye kikao kimoja hapa mjini utakuta mzee wa Kisukuma, shehe wa mtaa na shangazi aliyesoma wanabishana saa tatu, kila mmoja akisema jambo la kweli kuhusu kitu tofauti.

Unaposema "siamini katika mahari" unamaanisha bukwi. Na unaiona kama mauzo: ng'ombe wameingia, binti katoka. Hapo sikubaliani na wewe moja kwa moja. Kitu kilichouzwa, aliyekiuza hana habari nacho tena. Mtoto wa Kisukuma aliyetolewa ng'ombe bado ana kwao. Kaka zake wanaitwa akiugua, wanaitwa akifiwa, wanaitwa akizaa mapacha. Ukitaka kuielewa bukwi, acha kuifikiria kama soko, ifikirie kama upatu. Akina mama wa Igoma wanacheza upatu miezi kumi. Ukoo unaucheza miaka thelathini. Ng'ombe hawakai bomani. Wa dada wanamwoza kaka, wanaobaki wanagawanywa kwa mjomba na baba wadogo, na kesho binti wa kaka akiolewa wanarudi kumwoza mtoto wa baba mdogo. Kila mtu anaweka, kila mtu anapokea, ila si kwa wakati mmoja.

Sasa jiangalie ndani ya mchezo huo. Mwaka 1996 ilikuwa zamu yako kupokea, na ulipokea tisa. Miaka imepita, imefika zamu ya kuweka, na wewe umeandika kwenye kundi kwamba huamini katika upatu.

Najua linauma kusikia. Lakini ndivyo kaka yako anavyolisikia, na ana vijana wawili hawajaoa. Huenda amekuwa akiwahesabu ng'ombe hao tangu binti yako akiwa darasa la saba, kama vile mfanyakazi anavyohesabu mafao yake. Umemwona mtu mwenye tamaa aliyejificha nyuma ya methali. Inawezekana tamaa ipo, simfahamu. Ila hata mtu asiye na tamaa angekasirika.

Wazazi wa kijana nao usiwacheke kwa kuuliza kuhusu kasoro. Wasukuma na Wanyamwezi wa zamani walikuwa na ndoa za namna mbili, ya kukwa, yaani kutoa ng'ombe, na ya butende, ambayo watu waliishi pamoja bila ng'ombe. Butende haikuwa uhuni. Ilikuwa ndoa, isipokuwa watoto walihesabiwa upande wa mama. Basi mzee wa Sengerema anapoambiwa "hatupokei hata mbuzi", hasikii mawazo ya kisasa. Anasikia kwamba wajukuu wake watakuwa wa Magu. Au anasikia kwamba una jambo unalificha na unataka binti aondoke haraka. Ulitaka kumpa heshima binti yako, na kimya chako kuhusu sababu kimemvunjia.

Hayo ni ya upande wao. Upande wako kuna ukweli mkubwa, na nisingependa uuache kwa kuwa nimekusema.

Aliyemvunja dada yako mkono ni mumewe. Aliyemrudisha kwa mumewe ni deni. Ule mzunguko wa upatu niliousifu una tundu moja baya sana: mwanamke akitaka kutoka kwenye ndoa, mtu anaweza kudai ng'ombe warudi, na ng'ombe walishahama mikono. Baba yako hakuwa lazima mtu mkatili. Alikuwa mtu aliyekwama, maana kumpokea binti kungevunja ndoa yako au kumfilisi. Hivyo ndivyo kitu kilichowekwa kuunganisha koo mbili kinavyogeuka kufuli, na funguo anakaa nayo mume. Kiapo chako kilitokea hapo, na ukiniuliza mimi, kina haki.

Lakini angalia kufuli lilipo. Halipo kwenye kupokea. Lipo kwenye kurejesha.

Wenzetu wa ziwa hili wameliona. Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba yao. Mahari yenyewe hawakuigusa. Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema pale mila inapotaka mahari, kutoa alama tu kunatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Kwetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 41, inatamka kwamba ndoa iliyokamilika kwa mambo mengine haiharibiki kwa sababu desturi ya mahari haikufuatwa. Kifungu cha 66 kinasema mwenzi hana haki ya kumpiga mwenzake. Hata hivyo kanuni za sheria ya kimila zilizotangazwa mwaka 1963 bado zinazungumzia kurejesha mahari, kwa kutazama nani mwenye kosa na kama kuna watoto. Kwa hiyo tundu lile halijazibwa kabisa. Litazibwa na watu wanaokaa kwenye kikao, kama wewe.

Umenielewa kuhusu sheria? Binti yako anaweza kufunga ndoa kesho, kanisani, msikitini au kwa msajili, bila hata kwato. Hakuna wa kumzuia. Ila sheria haitakuja kukaa msibani. Nimewahi kuona msiba wa mama mmoja kijijini ukisimama siku mbili, mwili ukisubiri, kwa sababu upande mmoja ulidai hakutolewa kitu hivyo azikwe kwao, na upande mwingine ukasema ni mke wao. Watoto wake walikuwa pale wanasikiliza. Baba yao, kijana wa msimamo mzuri tu wa kisasa, alikuwa ameokoa ng'ombe wanane miaka kumi na sita nyuma.

Kuhusu ile methali ya kaka yako. Usiijibu kwa methali nyingine, mtapigana hadi alfajiri. Ila ukipata nafasi ya utulivu, mkumbushe kwamba mila anayoitetea imeshabadilishwa mara nyingi na wazee hao hao. Kabla ya ng'ombe kuwa kila kitu, majembe ya chuma yaliyofuliwa na wahunzi wa Buzinza yalitolewa kuoa. Sotoka ilipofagia mifugo miaka ya 1890, hakuna aliyesema watu waache kuoana mpaka zizi lijae. Na kama ukoo wenu ni wa Kikristo, yupo babu mmoja nyuma huko ambaye, baada ya wamisionari kufika Bukumbi mwaka 1883, alikubali maji ya ubatizo wakati ndugu zake wanamwambia anawaacha wahenga. Siku hizi mnaapa kwa jina lake. Hapa mjini ng'ombe wenyewe wanahesabiwa kwa midomo na kulipwa kwa simu, na sijasikia mzee akikataa ujumbe wa muamala kwa kuwa hauna pembe.

Ufanye nini, basi. Njia ziko kadhaa na hakuna isiyo na mwiba.

Unaweza kushikilia msimamo wako kama ulivyo: hakuna kitu, mwisho. Ni njia safi, na kuna akina baba wameipita. Bei yake nimeshakueleza: binti anaingia kwenye ndoa bila baba mkubwa, wakwe wana mashaka, na watoto wa kaka wanapoteza walichotegemea. Unaweza pia kukubali kila kitu kama mkeo anavyosema, yaishe. Hayataisha. Utakaa kwenye kikao unatabasamu na moyoni unamwona dada, na siku kijana akimpandishia binti sauti kidogo tu, utafika kwake na panga. Wapo wanaopokea ng'ombe hadharani kisha wanawarudishia maharusi kimyakimya kama zawadi ya kuanzia maisha. Hiyo naipenda nusu. Inawasaidia vijana, ila ukoo ukijua, na utajua, wataona uliwachezea.

Ningekuwa wewe, ningefanya hivi. Ningepokea kidogo, hadharani, kwa masharti yanayosemwa kwa sauti. Ng'ombe wawili au watatu, pamoja na vile vya heshima: blanketi la bibi, mbuzi wa mjomba, kitu cha mama. Kisha mshenga wenu asimame mbele ya pande zote aseme: hawa hawatarudi kamwe, hata ndoa ikivunjika, hata kosa likiwa la binti yetu, na binti huyu akipigwa, mlango wa kwao uko wazi bila hesabu. Maneno hayo yaandikwe kwenye muhtasari, pande zote zitie saini, mashahidi watie saini. Mpelekee mwanasheria aupitie kwanza, maana sikuahidi kwamba mahakama itauchukua kama mkataba wa nyumba. Ila kikao cha wazee kina nguvu yake. Jambo lililosemwa pale mbele ya watu arobaini haliruki.

Na wale ng'ombe tisa wa dada? Hapa ndipo nilipokuwa naelekea tangu mwanzo. Nenda kwa kaka yako umwambie: nilikula ng'ombe wa dada, ninajua, na vijana wako hawatakosa kwa sababu ya kiapo changu. Kisha toa wewe, kutoka kwenye mshahara wako au shamba lako, kidogo kidogo, hata ikichukua miaka mitano. Wakati wa kijana wake wa kwanza kuoa, wewe ndiye uwe wa kwanza kuweka. Utaniambia ni kinyume cha imani yako, kwamba unachangia mahari ya mtoto wa watu mwingine. Kwa kiasi, ndiyo. Ila hiyo ni imani ya kijana wake na ya watu wake, si yako kuizuia. Yako ni binti yako. Ukilipa deni la zamani kwa mfuko wako, hakuna wa kukwambia kwamba msimamo wako ni ujanja wa mtu aliyekwishashiba.

Kuna jambo umeliruka na sijui kama umeliona. Binti yako anasemaje? Ana miaka 26, anachoma watu sindano usiku kucha, na katika barua yako yote hajafungua mdomo. Nimekutana na mabinti wa mjini, wenye shahada, waliolia kwa sababu baba alikataa mahari. Walijisikia kama wamegawiwa bure mbele ya mawifi. Wengine walifurahi mno. Wengine walitaka kile cha Kiislamu bila kuwa Waislamu: kitu kiwe changu mimi mwenyewe, kwa jina langu, cherehani, kiwanja, fedha ya benki. Huyu wako yuko wapi kati ya hao? Ukimkomboa mtu bila kumuuliza, umemfanyia lile lile la babu yake, ila kwa nia njema. Muulize peke yake, mama yake asiwepo, wewe unyamaze asubuhi nzima ikibidi.

Kaka yako usimfuate kwenye kundi. Lile kundi la Wasapu lilikuwa kosa, na afadhali uandike pale mstari mmoja tu: nimeandika kwa hasira, nitakuja Magu tuzungumze. Usieleze zaidi. Kisha uende kweli, jioni ng'ombe wakiwa wameshaingia, si siku ya mnada. Salimia, kula kinacholetwa, lala pale. Mambo ya namna hii kwetu hayazungumzwi na mtu anayetazama saa kwa sababu ya daladala ya mwisho ya Igoma. Kama kuna shangazi mnayemheshimu wote wawili, mfikie kabla. Shangazi anaweza kumwambia kaka yako maneno ambayo wewe ukiyasema ni vita.

Kuhusu kubariki: wewe unaweza kuwa huamini kwamba neno la baba mkubwa lina nguvu yoyote. Binti anaweza kuwa anaamini, hata kama hajawahi kukwambia. Bibi harusi anayejua kuna mzee amekataa kumtemea mate ya baraka, mimba ya kwanza ikiharibika atajua wa kumtafuta. Hofu hiyo hukaa ndani ya nyumba miaka mingi. Ndiyo sababu nakusisitiza urudi kwa kaka kabla ya kikao.

Msaada wa ana kwa ana utafute mapema kama mambo yatageuka. Kama yatakuja maneno ya vitisho, au mtu akianza kunong'ona kwamba wewe au mama yako mna uchawi ndiyo maana hamtaki ng'ombe, usiseme ni maneno ya hasira tu. Kwenye mikoa yetu hii maneno hayo yameua bibi vizee kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni. Nenda polisi na kwa mtendaji siku hiyo hiyo. Kwa muhtasari na masharti, watafute wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako itakuonyesha walipo. Usingizi ukiendelea kukosa kwa wiki mbili tatu, au ukianza kunywa ili ulale, nenda hospitali ya Bugando ukaonane na watu wa afya ya akili. Mtu aliyekaa na jambo kwa karibu miaka thelathini bila kulisema hastahili kulibeba peke yake kwa sababu tu ni mwanamume.

Limebaki moja. Umeandika kwamba dada alirudi mara ya tatu na mkono umevunjika, na hadithi yake ikaishia hapo. Yuko wapi leo? Kama bado yuko kwa mtu yule na bado anapigwa, habari ya kikao iache kwanza. Kuna dawati la jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi, nenda naye. Kama alishatoka, au mume alishakufa, kaa naye umwambie ulichoniambia mimi, kwamba ulikuwepo na ulinyamaza. Usimwombe aje kusimulia kikaoni. Hiyo ni habari yake na anaweza asitake isemwe mbele ya wakwe. Mwombe tu ushauri kuhusu mtoto wa kaka yake. Basi kabla hujapanda gari la Magu, mtafute yeye kwanza.